Kijana wangu halali, na asubuhi haamki

*Shangazi. Kijana wangu ana miaka 16, yuko Kidato cha Tatu. Tangu mwaka jana usingizi umemkataa. Tukizima taa saa tatu u nusu namsikia nyuma ya pazia akijigeuza hadi saa sita, siku nyingine saa saba. Asubuhi kumwamsha ni vita. Namwamsha saa kumi u nusu kwa sababu lazima achote maji kabla foleni haijawa ndefu, anibebee mandazi hadi steji, halafu saa kumi na moja u nusu aanze safari ya shule. Bado anasoma Kibera. Sisi tuliondoka Mashimoni, huko huko Kibera, mwaka 2018 nyumba zilipobomolewa kupisha barabara, lakini shule hatukumbadilishia. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu, na wanatakiwa wawe darasani saa kumi na mbili u nusu. Mwalimu ameniita mara mbili kwamba analala darasani. Wikendi akienda kwa nyanya yake Gatwekera analala hadi saa tano mchana, na nyanya anasema huyu mtoto ana kitu. Baba yake ni mlinzi wa usiku Lavington. Alimpiga kwa sababu ya simu, tukamnyang'anya, na bado halali. Majirani wananiambia nichunguze bangi. Kanisani ameombewa. Naogopa nampoteza. Nifanye nini?*

*Mama, Kawangware*

Mama, nimeisoma barua yako, kisha nikaisoma tena nikiwa na kalamu, nikiandika pembeni kila saa uliyoitaja. Saa sita usiku ndipo anapolala. Saa kumi u nusu ndipo unapomwamsha. Hapo katikati pana saa nne u nusu. Madaktari wa usingizi wa Marekani, walipopitia tafiti na kutoa mapendekezo yao mwaka 2016, walisema mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi kumi kila siku. Hata tukichukua zile nane, wako anapungukiwa na saa tatu u nusu kila usiku. Ikifika Ijumaa ana deni la zaidi ya saa 17. Hicho ndicho "kitu" ambacho nyanya yake anakiona Jumamosi. Mtoto amekuja kulipa deni.

Kwa hiyo nianze kwa kukutoa hofu moja. Kijana wako usingizi anao. Unamjia kwa kuchelewa, kisha anaamshwa wakati mwili wake bado uko katikati ya usiku. Mengine yote uliyoniandikia, kusinzia darasani, ukali wa asubuhi, ule uzito wa kuinuka, yanatoka hapo. Ningekuwa jirani yako ningekuja nikakuambia uso kwa uso.

Katika ubongo, nyuma kidogo ya macho, kuna sehemu ndogo sana inayouambia mwili sasa ni usiku, sasa ni mchana. Giza linapoingia, mwili huanza kutoa homoni iitwayo melatonini, na homoni hiyo ndiyo inayofungua mlango wa usingizi. Kwa mtoto mdogo mlango huo hufunguka mapema. Umesema huyo ni wa Kidato cha Tatu. Nina hakika alipokuwa darasa la pili alikuwa akilala na kijiko mkononi kabla ugali haujaisha. Mtoto akibalehe, saa hiyo ya mwilini husogea mbele, kwa saa moja, mbili, hata zaidi. Hakuamua yeye, kama vile hakuamua sauti yake ivunjike. Na itarudi. Watafiti wa Ujerumani waliochunguza nyakati za kulala za watu wengi walionyesha mwaka 2004 kwamba kuchelewa huku kunazidi kupanda hadi karibu miaka 20, kisha watu wanaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, hadi uzeeni.

Jambo la pili linalobadilika ni kasi ya uchovu. Fikiria mitungi miwili ya lita 20 pale mnapochota maji. Mmoja uko chini ya bomba linalotoka kwa nguvu, mwingine chini ya bomba linalodondoka. Mtoto mdogo ni ule wa kwanza: ikifika saa mbili usiku mtungi umejaa usingizi, anaanguka. Kijana aliyebalehe mtungi wake hujaa polepole. Ameamka alfajiri sawa na mtoto mdogo, lakini saa tatu u nusu usiku bado kuna nafasi, na ukimwambia alale anajilaza tu na kutazama mabati.

Watu wengi hufikiri kwamba mtoto akikua anahitaji usingizi kidogo. Hata mimi niliamini hivyo. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Carskadon, alianza mwaka 1976 kuwakusanya watoto wakati wa likizo katika Chuo Kikuu cha Stanford na kuwapa nafasi ya kulala saa kumi kila usiku, akawafuatilia mwaka baada ya mwaka wakikua. Alitarajia usingizi wao upungue. Haukupungua. Waliendelea kulala takriban saa tisa, na waliokwisha kubalehe walikuwa na usingizi mwingi zaidi mchana kuliko walipokuwa wadogo. Miaka ya tisini, akiwa Rhode Island, aliwapima wanafunzi ambao shule yao ilianza saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kuanzia saa mbili u nusu, wakati ambapo wangekuwa darasani, aliwapa mahali pa kujilaza. Karibu nusu yao, siku hiyo, waliingia moja kwa moja katika usingizi wa ndoto, ule unaokuja sana mwisho wa usiku. Macho yalikuwa yametoka nyumbani, mwili ulikuwa bado kitandani. Wewe mtoto wako anatakiwa awe darasani karibu saa nzima kabla ya hao.

Mimi nilipokuwa na miaka 15 nilisinzia katika prepu ya alfajiri, na mwalimu wa zamu akanitoa nje nipige magoti kwenye kokoto hadi kengele ya kiamsha kinywa. Bado naona aibu ile nikiisimulia, ingawa sasa najua sikuwa na kosa. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini nyumbani vinaendelea, na mume wako amevitumia. Ongea naye, mama. Lakini usimwendee na mambo ya melatonini. Mwulize swali hili: baba, ukitoka zamu Lavington saa kumi na mbili asubuhi, umechoka, kitanda kipo, watoto wameenda shule, mbona saa tano mchana unakuwa macho ukigeuka? Atakuambia ni kelele, ni joto la mabati. Ni kweli. Pia mwili wake unajua jua limetoka, na haupokei amri. Katika nyumba yenu hakuna mtu anayepaswa kumwelewa kijana huyu kuliko baba yake.

Na hebu tazama nyumba yenyewe. Baba analala mchana. Wewe unaamka saa kumi kukanda unga na kuwasha jiko. Kijana anapata usingizi saa sita. Kama kuna mdogo wake, huyo amelala tangu saa mbili. Chumba kimoja, pazia moja, saa nne tofauti. Unaweza kudhani ni mji ulioharibu mambo, au stima, au simu. Lakini kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, wanaowinda na kuchimba mizizi. Mtafiti David Samson na wenzake waliwavisha watu wazima 33 wa jamii hiyo vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa siku 20, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Siku 20, dakika 18! Wazee walikuwa wakiamka mapema, walio vijana zaidi wakichelewa kulala, na kwa hiyo karibu kila wakati palikuwa na mtu macho karibu na moto. Watafiti hao wanadhani huo ulikuwa ulinzi wa kambi, wa zamani sana. Nyanya wa Gatwekera, ambaye nadhani huamka saa kumi, na mjukuu anayekesha hadi saa sita wangekuwa, katika kambi ile, zamu mbili za ulinzi mmoja. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2015, uliwajumuisha Wahadzabe hao na jamii mbili za mbali, na ukaona kwamba watu wasio na stima hawalali jua likizama. Wanakaa zaidi ya saa tatu ndipo wanalala. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, kwa hiyo hata mtu mzima asiye na taa angelala karibu saa nne. Ile saa tatu u nusu yenu inakufaa wewe unayeamka saa kumi, na una haki nayo. Kwake yeye haijafika.

Simu nayo? Simu huongeza. Mwanga wake machoni usiku unazidi kuisogeza ile saa mbele, na video zinazofuatana zinamnyima hata ule usingizi uliokuwa tayari. Ibaki kwako kuanzia saa tatu, bila ugomvi, na umrudishie mchana. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mlimnyang'anya na bado halali. Basi umekwisha kuthibitisha kwamba simu siyo mzizi. Chai ya majani nayo, isimpitie baada ya saa kumi jioni. Usiku mpe uji. Na kama taa ya mulika mwizi inaingia kwenye nafasi ya mabati upande anaolala, tundika leso nzito hapo. Ni mambo madogo, yafanye, ila usiyategemee.

Kikubwa kiko upande wa pili wa usiku. Huwezi kumfanya alale saa tatu. Unaweza kumwachia alfajiri. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu sitaki usome kama nakulaumu. Najua mandazi ndiyo karo, na najua foleni ya maji saa kumi na mbili asubuhi inavyokuwa. Lakini kazi unayompa saa kumi u nusu ni kazi ambayo angeweza kuifanya jioni, wakati mwili wake uko macho kabisa na hana la kufanya. Akirudi shule achote maji, mitungi ijae kabla ya giza, maana sitaki avuke vichochoro usiku. Baada ya chakula akupigie pasi sare, aoshe vyombo, apime unga na sukari, apange sufuria. Utashangaa jinsi atakavyokuwa mwepesi saa tatu usiku, mtoto yule yule unayepigana naye asubuhi. Mandazi hadi steji tafuta mbinu nyingine: baba anarudi kutoka Lavington, labda anaweza kukukuta njiani siku anazotoka mapema, au ubebe kwa awamu mbili. Ni mzigo kwako, nakubali. Kijana ataamka saa kumi na moja na dakika kumi, aoge, aondoke. Hapo umempa dakika arobaini.

Dakika arobaini ni nyingi kuliko zinavyosikika. Mji wa Seattle, Marekani, ulisogeza mwanzo wa masomo ya sekondari kutoka saa mbili kasoro dakika kumi hadi saa tatu kasorobo, na watafiti wakawapima wanafunzi kabla na baada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: walipata dakika 34 zaidi za usingizi kila siku ya shule. Watu walikuwa wameogopa kwamba vijana wangetumia nafasi hiyo kukesha zaidi. Hawakukesha. Jimbo la California lilifuata, na tangu Julai 2022 shule za sekondari za umma huko, isipokuwa chache za vijijini, haziruhusiwi kuanza kabla ya saa mbili u nusu asubuhi.

Na Kenya tuna sheria yetu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo katika shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa u nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Saa mbili, mama. Hiyo saa kumi na mbili u nusu haimo. Imeingizwa na shule zenyewe, mara nyingi kwa nia njema, na mara nyingi sisi wazazi ndio tunaoidai kwa sababu tunapima shule kwa taa zinavyowaka mapema. Usiende peke yako kwa mwalimu mkuu. Mzazi mmoja hutajwa kuwa mkorofi. Tafuta wazazi wenzako wanne, watano, hasa wale ambao watoto wao wanatoka mbali kama wako, mwombe Bodi ya shule iwape nafasi katika mkutano wa wazazi. Anzeni na usalama. Mtoto anayetoka Kawangware saa kumi na moja u nusu anatembea gizani Naivasha Road hadi Dagoretti Corner, kisha Ngong Road, halafu anakata kuingia Kibera kupitia Toi, na anafika jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza. Sijui mzazi gani angesimama akatetea hilo. Mkipata hata saa moja na dakika kumi na tano badala ya kumi na mbili u nusu, mmeshinda mengi.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo limenikalia moyoni tangu jana. Kijana huenda kwa nyanya yake wikendi. Nyanya yuko Gatwekera, ndani ya Kibera. Shule iko Kibera hiyo hiyo. Mbona isigeuzwe? Alale Gatwekera Jumapili hadi Alhamisi, na wikendi awe kwako. Badala ya kuondoka saa kumi na moja u nusu, angeamka saa kumi na mbili kasorobo na afike darasani kwa wakati. Yaani hata akilala saa tano u nusu amepata saa sita na robo, bila kumbembeleza mtu yeyote. Najua utauliza nafasi iko wapi, na nani atalisha. Zungumza na mama mkwe, au mama yako, kama ni yeye. Peleka unga, peleka mafuta, peleka mfuko wa mandazi ya Jumapili. Huenda anamhitaji kijana nyumbani kuliko anavyosema. Na yeye mwenyewe, kama anaamka mapema, atamwamsha bila saa. Ila mweleze kwanza habari ya lile deni, asije akaanza kumwita mtoto mwenye pepo Jumatatu asubuhi.

Wikendi mwache alale, lakini asifike saa tano mchana. Akilala hadi saa tano Jumapili, saa ya mwili inasogea tena, na Jumapili usiku atakesha hadi saa nane. Mwamshe saa mbili u nusu au saa tatu, atoke nje kwenye jua, acheze mpira, afue nguo zake. Mwanga wa asubuhi ndiyo dawa pekee ya bure inayorudisha saa hiyo nyuma. Akihitaji, alale tena mchana nusu saa. Siku za shule pia, akirudi amechoka, nusu saa kabla ya saa kumi na moja haitamharibia usiku. Na shuleni mwambie wakati wa mapumziko atoke nje, asibaki darasani na vitabu.

Sasa ile hofu yako nyingine. Kumpekua mfukoni hakutakuambia kitu, na kutamfunga mdomo. Likizo itakuambia. Kama likizoni, akiachwa, analala saa sita hadi saa tatu asubuhi na kuamka mchangamfu, basi ni saa yake tu. Kama hata likizoni anakaa macho hadi alfajiri, au analala kisha anashtuka saa nane akitokwa jasho, kama ameacha chakula, ameacha marafiki, anasema maneno ya kukata tamaa, hilo ni jingine na halingoji. Mwulize pia kuhusu muguka na miraa, kwa sauti ya kawaida, kwa sababu ni vitu vinavyomfanya mtu akeshe na viko kila kona.

Na mwulize kuhusu Mashimoni. Tingatinga zilikuja tarehe 23 Julai 2018. Huyu alikuwa na miaka minane. Pamoja na nyumba zilianguka shule, na watoto walisimama pale wakitazama. Huenda hakuna kitu, huenda alisahau. Lakini hata mtu mzima aliyekuwepo anaweza kushtuka hadi leo akisikia mngurumo wa lori usiku, na hakuna aliyemwuliza mtoto. Mwulize mkiwa mnafanya kazi ya mikono, mkipima unga saa tatu usiku. Akisema, usimkatize. Akihitaji mtu wa nje, namba 116 ya Childline Kenya haitozi pesa, na Riruta wana kituo cha afya mnachoweza kuanzia. Vijana wa Kenya wanapata nafuu wakisikilizwa, hata na vijana wenzao: mradi wa Shamiri, ulioanza majaribio yake Kibera, uliwakutanisha wanafunzi 413 wa sekondari wa Nairobi na Kiambu katika vikundi kwa wiki nne, wakiongozwa na vijana waliotoka shule juzi tu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha huzuni na wasiwasi ukipungua.

Nenda Gatwekera Jumamosi hii, uende mwenyewe, usitume ujumbe kwa simu. Hadi mtakapokubaliana, na siku zile atakazokuwa kwako, ukiamka saa kumi kuwasha jiko geuza taa iangalie ukuta.